Mbwa wa nyumbani ana mimba: Je, kuna haja ya kumpiga eksirei?

Mbwa wenu jike alipandwa karibu miezi miwili iliyopita. Tumbo limeshuka, matiti yamejaa, na watoto nyumbani hawana habari nyingine. "Mama, wako wangapi?" "Baba, wa kwanza tumwite nani?" Kisha daktari wa mifugo anashauri apelekwe akapigwe eksirei, na mjadala unahamia sebuleni. Baba anakumbuka mbwa wa kijijini kwao waliozaa chini ya ghala bila kumsumbua mtu. Mama anauliza kama mionzi haitavidhuru vitoto tumboni.

Wote wawili wana hoja.

Tuanze na la mama. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, ingawa ukihesabu tangu siku aliyopandwa inaweza kupungua au kuzidi kwa siku kadhaa, kwa kuwa mbegu za dume hukaa hai siku nyingi ndani ya jike. Mifupa ya vitoto huanza kuonekana kwenye eksirei karibu na siku ya 45, lakini kwa kuhesabu vizuri ni afadhali kusubiri hadi siku ya 55 au zaidi. Wakati huo viungo vyote vimekwisha kuumbika. Picha moja au mbili za muda huo zina mionzi kidogo sana, na madaktari hawaioni kuwa sababu ya kuacha kupiga. Anayepaswa kuogopa mionzi ni mwanadamu anayemshika mbwa. Mama mjamzito na watoto wadogo wabaki nje ya chumba, hata kama mbwa anawalilia mlangoni. Mashine hizi kwa hapa Tanzania husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), kwa hiyo si kosa kumuuliza daktari kama ya kwake imekaguliwa.

Sasa la baba. Ni kweli mbwa wengi huzaa wenyewe. Jike wa kienyeji mwenye pua ndefu na mwili wa wastani, aliyewahi kuzaa salama na kupandwa na dume wa ukubwa wake, mara nyingi hahitaji picha yoyote. Kwa mbwa wa namna hiyo mimi ningeiweka hiyo pesa kwenye bahasha ya dharura, iwe nauli na gharama ya daktari usiku ule mambo yakienda kombo.

Lakini si kila mbwa aliyeko mijini leo ni wa aina hiyo. Wapo wadogo kama Chihuahua na Maltese, ambao kichwa cha kitoto kimoja kikubwa kinatosha kuziba njia. Wapo wenye pua iliyobonyea. Utafiti uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba kati ya Bulldog na Boston Terrier, zaidi ya asilimia 80 ya uzazi ulikuwa kwa upasuaji. Mwenye mbwa wa jamii hizo asijiulize kama apige picha; ajiulize ni nani atakayemfanyia upasuaji na lini. Kuna pia jike mdogo aliyetoroka getini akapandwa na dume mkubwa wa jirani, jike aliyepata shida uzazi uliopita, na jike ambaye tumbo lake ni dogo mno kwa umri wa mimba.

Huyu wa mwisho watu humsahau. Tumbo dogo laweza kumaanisha kitoto kimoja tu. Wenye mbwa husikia hivyo wakapumua, wakidhani kimoja ni rahisi. Kumbe uchungu wa mbwa huanzishwa na vitoto wenyewe kwa homoni wanazosababisha, na kimoja peke yake huenda kisitoshe kuuanzisha. Kinaendelea kukua, siku zinapita, mama anakula na kutembea kama kawaida, na kitoto kinafia ndani. Picha ingeonyesha mapema kwamba kipo kimoja, na daktari angepanga siku.

Faida kubwa ya eksirei huonekana siku yenyewe. Mbwa wengi huzaa usiku. Fikiria ni saa tisa, vitoto vitano vimetoka, mama amelala anavilamba. Je, amemaliza au kimoja kimekwama? Asiye na picha anakisia. Mwenye picha iliyoonyesha saba anajua kuna viwili ndani, na anaangalia saa. Mama anaweza kupumzika kati ya kitoto na kitoto, hata saa moja au mbili, bila ubaya. Zikipita saa mbili na unajua wengine wamebaki, mpigie daktari. Hesabu yenyewe si ya Mungu: vitoto vikiwa vingi hulaliana, na daktari anaweza kukosea kwa kimoja. Ndiyo maana huhesabu mafuvu na uti wa mgongo, na mara nyingi hupiga picha mbili, moja ya ubavu na nyingine mbwa akiwa chali.

Aliyekosa tarehe ya kupandwa anapata jambo la ziada. Meno ya vitoto huonekana kwenye picha siku za mwisho kabisa. Daktari akiyaona, tayarisheni boksi na matambara safi.

Kitu ambacho eksirei haisemi ni kama vitoto viko hai na vina nguvu. Kitoto kilichokufa siku nyingi huweza kutambulika kwa mifupa ya fuvu iliyopandana au hewa iliyojikusanya, lakini kilichoanza kuchoka leo asubuhi kitaonekana sawa na wenzake. Hiyo ni kazi ya ultrasaundi, inayoonyesha moyo ukipiga. Moyo wa kitoto chenye afya hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Ukishuka chini ya 180, daktari hana budi kufanya haraka. Ultrasaundi nayo si nzuri kwa kuhesabu. Kwa hiyo ukiambiwa "tumeona wanne" kwenye ultrasaundi ya mwezi wa kwanza, usifunge hesabu.

Kuna jambo moja linaloua mbwa wengi wazuri, nalo ni sindano ya uchungu inayonunuliwa dukani na kuchomwa na mtu yeyote. Ikiwa kitoto kimekaa vibaya au ni kikubwa kuliko nyonga, dawa ile inaukandamiza mji wa mimba dhidi ya njia iliyoziba, na unaweza kupasuka. Asiyejua kilichomo ndani asichome.

Dalili za kumkimbiza kwa daktari hazingoji picha. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitoto kutoka, nendeni. Uchafu wa kijani kilichokolea ukitoka kabla ya kitoto cha kwanza, nendeni, maana kondo limeanza kuachia. Vivyo hivyo akitetemeka, akiishiwa nguvu, au siku 70 zikipita tangu kupandwa. Joto la mwili nalo lina msaada: mbwa wa kawaida ana nyuzi 38 hadi 39, na likishuka hadi karibu 37 au chini yake, kwa kawaida uchungu uko ndani ya saa 24.

Kabla ya kulipia picha, muulize daktari swali moja: ukiona tatizo, tutafanya nini? Si kila kliniki yenye mashine ina mtu wa kupasua usiku, na zipo zinazopasua bila kuwa na mashine. Picha inayoonyesha kichwa kikubwa kuliko nyonga haimsaidii mtu asiye na pa kumpeleka mbwa. Andikeni namba ya atakayepokea simu usiku, na mjue mtasafiri na nini. Bajaji nyingi hazimpakii German Shepherd anayehema. Ulizeni pia bei za eksirei na upasuaji siku hiyohiyo, mkiwa hamjashikwa na hofu.

Watoto wakiiona ile picha yenye mifupa midogo, wataanza kugawana. Waambieni tangu mapema kwamba saba kwenye picha si lazima wawe saba kwenye boksi, kwa kuwa kitoto kimoja kufa wakati wa kuzaliwa au siku za kwanza ni jambo linalotokea hata kwa mbwa aliyetunzwa vizuri. Mkubwa kati yao apewe daftari na saa, aandike kila kitoto kimetoka saa ngapi na kama kondo lake limetoka. Daktari akipigiwa simu, hayo ndiyo atakayouliza kwanza.