Hodi Kabla ya Kumgusa Mwenzako

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatukupata kufundishwa tulipokuwa shule, nalo ni mpaka wa mwili wa mtoto: pale anapoishia yeye na anapoanzia mwenzake.

Ingieni katika darasa lolote la awali au darasa la kwanza, saa nne za asubuhi. Hazitapita dakika 5 kabla hamjasikia, "Mwalimu, huyu ananisukuma!" "Mwalimu, ananishika nywele!" "Mwalimu, ananikalia!" Na mwalimu, ambaye ana watoto 80 mbele yake, mara nyingi ana jibu moja tu: "Kaeni kimya!" Simlaumu sana. Lakini hebu tulitazame jibu hilo kwa macho ya mtoto. Ameguswa asivyotaka, amesema, na ameambiwa anyamaze. Hilo nalo ni somo, na mtoto hulishika upesi kuliko hesabu.

Yafaa tuelewe kwanza kwamba mtoto wa miaka 4, 5 au 6 anayemgandamiza mwenzake si mtovu wa adabu. Uwezo wa kujizuia bado unakomaa ndani yake, na hata mwili wake mwenyewe hajaujua ukubwa wake; hugonga meza, hukanyaga miguu ya watu, humwaga uji. Isitoshe, nyumbani alikotoka wanalala watatu kitandani, wanakula sahani moja, na asubuhi hii amekuja shuleni akiwa amebanwa katikati ya abiria wa daladala. Kwake yeye kubanana ndiyo hali ya dunia.

Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward T. Hall, alitoa kitabu akieleza kwamba kila binadamu amezungukwa na maduara yasiyoonekana. Duara la ndani kabisa ni la watu wa karibu mno, kama mama na mwanawe, na kwa Wamarekani aliowachunguza lilifika kiasi cha sentimita 45. Hiyo ni kama dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hall mwenyewe alisisitiza kwamba vipimo hivi hutofautiana baina ya jamii na jamii, kwa hiyo hatuna haja ya kujipima kwa rula ya Wamarekani. Hata hivyo, chukueni dawati lenye urefu wa sentimita 120, mkalishe watoto watatu. Kila mmoja amepata sentimita 40. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001, na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, watoto wameingia madarasani kwa wingi, na hilo ni jambo la heri. Lakini yako madawati wanayokaa wanne. Tunawaweka watoto ndani ya duara la mama na mwana tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, halafu tunashangaa wanapofinyana.

Wapo watakaosema kwamba haya mambo ya mipaka ni uzungu. La hasha! Sisi ni watu wa hodi. Mgeni akifika hupiga hodi, akangoja "karibu". Akipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka, hata kama redio inasikika ndani. Nyumba yenyewe yaweza kuwa kibanda cha makuti na mlango wake ni pazia. Kinachomzuia mgeni si pazia, ni adabu. Ikiwa kibanda kina haki ya kupigiwa hodi, je, mwili wa mtoto?

Nilipata kumwona mwalimu mmoja wa darasa la awali akilitumia neno hilo hilo. Aliwatoa watoto uwanjani, kila mmoja akachora kwa kijiti duara kuzunguka miguu yake. "Hii ndiyo nyumba yako," akawaambia. Anayetaka kuingia nyumba ya mwenzake apige hodi, na mwenye nyumba aitikie "karibu" au "bado". Mwalimu huyo alinieleza kwamba siku ya kwanza watoto wote walisema karibu, kwa sababu hawakujua kama "bado" inaruhusiwa. Ikambidi awafundishe kukataa, na hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Kisha ikaja nusu ya pili, yaani kukataliwa bila kununa wala kupiga teke. Ndani ya darasa alichora mistari ya chaki juu ya madawati, na kila siku aliyekaa katikati alibadilishwa, maana wa katikati hawezi kutoka bila kuwapanda wenzake.

Nilipokuwa naaga nikanyosha mkono kumshika kichwani kijana mmoja mdogo, kama wazee tulivyozoea. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akasema, "Hodi kwanza, babu." Nikapiga hodi. Akafikiri. "Bado." Mwalimu aliona haya kweli kweli. Mimi nikarudisha mkono mfukoni, na heshima yangu haikupungua hata chembe. Shikamoo nilikuwa nimekwisha kuipata.

Msidhani kwamba huu ni mchezo tu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulihoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walipata kufanyiwa ukatili wa kingono, na kuguswaguswa bila hiari kulihesabiwa humo. Watendao hayo mara nyingi ni watu ambao mtoto anawafahamu na amefundishwa kuwatii. Mtoto ambaye hajapata kumwambia "bado" mwenzake wa dawati moja, atampata wapi ujasiri wa kumwambia mtu mzima?

Ndiyo maana somo hili linamhusu mwalimu mwenyewe pia. Anayevuta masikio ya watoto asitegemee kwamba mistari yake ya chaki itaheshimiwa. Mtoto mdogo akihitaji kusaidiwa chooni au kufungwa vifungo, aambiwe kwanza: "Nakufunga kifungo, sawa?" Wala hatusemi watu wakae mbali mbali kama nguzo za simu. Anayelia akitaka kupakatwa na apakatwe, na wanaopenda kushikana mikono kwenda nyumbani waende hivyo hivyo.

Nasi wazazi, mjomba akija kututembelea, mtoto amwamkie, lakini asilazimishwe kumkalia mapajani. Na mtoto akirudi na neno la kwamba fulani alimgusa vibaya, asikilizwe hadi mwisho kabla ya kuulizwa swali lolote. Asiyejua aanzie wapi, namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, nayo hupigwa bila malipo.