Breki za Gari Dogo la Kasi: Kipi Kibadilishwe Kwanza? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilifuata nguvu ya mguu wa dereva kutoka kwenye pedali, kupitia masta silinda na mipira ya breki, hadi kwenye pistoni zinazobana pedi juu ya disiki. Wiki hii ni zamu ya swali ambalo vijana wenye Subaru Impreza, Toyota Altezza na Runx huwapelekea mafundi wa Mwananyamala, Tandika na Gerezani: injini ina nguvu za kutosha, je, breki zifanyiwe nini ili ziweze kuimudu?

Jibu linalopendwa gereji ni kutafuta kalipa kubwa za Brembo za mtumba, kuzipaka rangi na kuzifunga. Hesabu ya kitaalamu inaanzia kwingine kabisa, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likienda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi, lina nishati ya takriban kilojuli 125. Likifika kilomita 100 nishati hiyo huongezeka mara nne, ikawa kilojuli 500. Kwa kuwa uzito hukimbilia mbele breki zinapokanyagwa, magurudumu ya mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi yote. Ikiwa disiki za mbele zina kilo sita kila moja, breki moja ya nguvu kutoka kilomita 100 hadi kusimama huzipandisha joto kwa nyuzi 60 hivi. Rudia mara tano bila kuzipa nafasi ya kupoa, na disiki zimepita nyuzi 300. Hapo pedi nyingi za bei rahisi huanza kupoteza mshiko. Disiki za kilo nane zingepanda nyuzi chini ya 50 kwa kila breki.

Faida kubwa ya disiki nene na pana iko hapo: inavumilia breki ya tano, ya sita na ya saba. Breki ya kwanza ya dharura, ile ya mtoto aliyekatiza barabara ya Mbagala au bodaboda iliyochomoka pembeni pale Mwenge, haiamuliwi na ukubwa wa kalipa. Inaamuliwa na tairi.

Kipimo chake ni rahisi. Breki zilizopo zikikanyagwa kwa nguvu kwenye lami kavu na ABS ikaanza kufanya kazi, maana yake tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi. Kuongeza kalipa hapo hakufupishi umbali wa kusimama hata kwa hatua moja. Tairi nzuri kwenye lami kavu husimamisha gari kutoka kilomita 100 ndani ya mita 49 hivi, ukiacha mita 28 zinazopita dereva akiwa bado anang'amua hatari kwa sekunde moja. Tairi iliyokauka kwa miaka, yenye mshiko wa robo tatu tu ya ile nzuri, itahitaji mita 65. Tofauti hiyo ya mita 16 ni urefu wa magari matatu hadi manne yaliyopangwa kwenye foleni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kalipa, mwenye gari asome tarehe ya tairi zake: tarakimu nne za ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 1415 ilitoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2015.

Baada ya tairi yanafuata mafuta ya breki, kitu ambacho wamiliki wengi hawajawahi kukigusa tangu gari litoke bandarini. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na Dar es Salaam ina unyevu mwaka mzima. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya maji kwa asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155, na ya DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi. Pedali huzama hadi sakafuni huku gari likiendelea kwenda. Dereva wa mjini anaweza kuishi na mafuta machovu kwa miaka bila kujua. Siku anaporudi kutoka Mbeya na kushuka Mlima Kitonga huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote ndipo anapojua.

Kumwaga mafuta yote ya zamani, kuweka DOT 4 au DOT 5.1 na kutoa upepo kwenye magurudumu yote manne, kila baada ya miaka miwili, ni kazi ya saa moja au mbili. Ila DOT 5, isiyo na ile pointi moja, ni mafuta ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine.

Halafu pedi. Ubavuni mwa pedi nyingi pamechapwa herufi mbili zinazoonyesha kiwango cha msuguano, ya kwanza kwa joto la kawaida na ya pili kwa joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kwa gari la kasi linaloshinda kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa na wikiendi likatoka kwenda Bagamoyo, FF ya kampuni inayoaminika inatosha vizuri. Pedi za mashindano hazifai: nyingi hazishiki mpaka zipate moto, hivyo breki ya kwanza ya asubuhi huwa dhaifu kuliko ya pedi za kawaida. Pedi isiyo na herufi, isiyo na jina la kiwanda na yenye boksi la maandishi yaliyokosewa irudishwe dukani. Bidhaa bandia zinaweza kuripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kisheria ndiyo inayozishughulikia.

Wakati pedi zinabadilishwa, fundi achomoe pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza, azisafishe na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Kwenye vumbi la Goba na Chamazi, na kwenye hewa ya chumvi ya Kigamboni, pini hizi hukwama. Ikikwama moja, pedi ya ndani huisha huku ya nje ikiwa nzima, na gari huvuta upande mmoja. Nguvu iliyopotea kwenye kalipa iliyopo hurudi kwa kazi hii ndogo, kabla hata hela ya kalipa nyingine haijatafutwa.

Usukani unaotetema wakati wa breki nao una sababu ambayo wengi hawaitilii maanani. Mara nyingi disiki haijapinda; imechakaa bila usawa kwa sababu haikukaa sawasawa, na haikukaa sawasawa kwa sababu nati zilikazwa bila mpangilio kwenye kibanda cha pancha, fundi akiwa amesimama juu ya spana. Nati zikazwe kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake, kwa nguvu ya karibu niutoni-mita 100. Disiki inaweza kukerezwa, mradi unene wake usishuke chini ya kiwango kilichochapwa juu yake kwa maneno MIN TH.

Hayo yote yakishafanywa, ndipo kalipa kubwa inapokuwa na maana, hasa kwa anayeendesha kwa kasi kwenye uwanja wa mashindano au anayeshuka milima mara kwa mara. Impreza ni mfano mzuri kwa sababu spea zake hubadilishana sana. Kalipa za mbele za pistoni nne zilizokuja na baadhi ya WRX hufanya kazi na disiki za milimita 294 na zinahitaji rimu ya inchi 16 au zaidi. Brembo za STI hutumia disiki za milimita 326 mbele na 316 nyuma, na haziingii chini ya rimu ya inchi 17. Hapo mtego unaanza. STI za kuanzia modeli ya 2005 zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati Impreza nyingine za kizazi hicho zina duara la milimita 100. Disiki haziwezi kuingiliana. Breki ya mkono iliyo ndani ya disiki ya nyuma ya STI ina kipenyo cha milimita 190, ya WRX 170. Anayenunua kalipa na disiki bila kuulizia sehemu za breki ya mkono huishia na gari lisiloweza kuegeshwa kwenye mteremko.

Kosa la hatari zaidi ni kubadilisha mbele peke yake. Pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi, hivyo masta silinda ndogo ya Impreza ya 1.5 hufanya pedali iwe ndefu na laini. Mgawanyo wa nguvu nao huhamia mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki bila kazi ya maana, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka.

Hata waliobobea hawakimbilii ukubwa. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Kwenye changarawe magari ya mashindano ya dunia huvaa rimu za inchi 15 ili tairi iwe na ubavu mnene wa kumeza mawe, na disiki hulazimika kuwa ndogo kuliko zile za mashindano ya lami. Barabara ndiyo huchagua tairi, tairi ikachagua rimu, na rimu ikaweka mpaka wa breki. Mkazi wa Bunju mwenye kilomita mbili za mashimo kabla ya kufika lami anapaswa kuifanya hesabu hiyo hiyo kabla ya kununua rimu za inchi 18.

Pedi na disiki mpya zinahitaji kuzoeana. Asubuhi na mapema, kwenye barabara tupu, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 mara nane hadi kumi bila kusimama kabisa, kisha aendeshe dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itashughulikia dramu za nyuma: lini zinafaa kuachwa, lini zibadilishwe kuwa disiki, na namna ya kurekebisha breki ya mkono nyumbani kwa vifaa vya kawaida.