Kadi ya Alama Mkononi mwa Mpinzani

Kila mwaka mtihani wa kitaifa unapowadia, walimu wenzangu wajua vyema, karatasi zetu husindikizwa na bunduki. Tangu 2016 zimekuwa zikihifadhiwa katika makontena yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa afisa wa utawala na wa pili kwa afisa wa elimu, na askari hukesha mlangoni. Hatukufika hapo kwa bahati mbaya. Watahiniwa waliopata alama ya A katika KCSE ya 2015 walizidi 2,600. Mwaka uliofuata, ulinzi ulipokazwa, walikuwa 141 tu. Tofauti hiyo haijapata kunitoka akilini, maana baadhi ya zile A za awali nilizishangilia mimi mwenyewe kwa nderemo.

Basi msomaji usistaajabu nikikwambia kwamba mwezi wa Julai 2017 nilijikuta mahali ambapo mambo yamepinduliwa juu chini. Bunduki zilikuwa mamia kwa mamia, ilhali karatasi za alama hazikuwa na askari hata mmoja.

Mahali penyewe ni Bisley, katika jimbo la Surrey, Uingereza. Huko ndiko hufanyika kila mwaka mashindano ya kulenga shabaha ya masafa marefu yanayoandaliwa na chama kilichoundwa mwaka 1859, wakati Waingereza walipohofia kuvamiwa na Wafaransa. Mashindano ya kwanza yalifanyika Wimbledon mwaka 1860, na risasi ya ufunguzi aliifyatua Malkia Victoria kwa kuvuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki iliyokwisha kulengwa na mafundi. (Kulenga kwa namna hiyo hata mimi ningekuwa bingwa.) Yalihamia Bisley mwaka 1890. Sitajifanya sijui kwamba bunduki za dola hiyohiyo ziliacha majonzi katika vijiji vyetu. Nililikumbuka hilo nilipopita mbele ya yale majumba ya mbao yenye varanda pana, ambayo ungedhani yameng'olewa katika mji wetu wowote wa enzi za ukoloni.

Mchezo wenyewe niliuanza ukubwani katika klabu ndogo hapa nyumbani, na akiba ya miaka kadhaa ndiyo iliyoninunulia tiketi. Habari za vibali vya kusafirisha silaha sitaki hata kuzianza.

Watu wengi hudhani kulenga shabaha ni kazi ya jicho. La hasha! Mlengaji hulala kifudifudi, bunduki ameishika kwa mikono yake na mkanda uliozungushwa mkononi, bila kuiegemeza popote, na hana darubini juu ya mtutu bali kitundu kidogo cha kuchungulia. Hayo yote hujifunzwa. Kisichojifunzwa kikaisha ni upepo. Kwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, risasi hukaa hewani sekunde moja na nusu hivi, na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni huisukuma zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo unatazama bendera zilizopangwa uwanjani, unatazama mvuke wa joto unavyotiririka juu ya nyasi, unakadiria, unasogeza kilengeo, na kabla hujafyatua bendera zinalegea. Nimewahi kufanya hisabati nzuri kabisa ya upepo uliokwisha kupita.

Tena si jambo la siku moja. Unaamka, unafyatua asubuhi, unangoja, unafyatua alasiri, na kesho ni vivyo hivyo, kwa zaidi ya wiki. Bega huuma, viwiko huchubuka. Shindano kuu, ambalo mwaka huo liliitwa Tuzo ya Malkia, lina hatua tatu: ya kwanza huwachuja washindani hadi 300, ya pili huwaacha 100, na hao mia ndio hupiga fainali ya yadi 900 na 1,000.

Nilivuka hatua ya kwanza, jambo lililonishangaza kuliko lilivyowashangaza wengine. Katika ya pili, inayopigwa kwa yadi 300, 500 na 600, nilipangwa na msichana wa chuo kikuu, Mwingereza, umri wa wanafunzi wangu wa juzi tu. Utaratibu ni huu: mnalala bega kwa bega, mnafyatua kwa zamu katika shabaha moja. Wewe ukifyatua, yeye huandika alama zako. Akifyatua, wewe huandika zake. Walio handakini huishusha shabaha, huchomeka kisahani pale risasi ilipotoboa, huipandisha tena ikiwa na ishara ya thamani yake, na mwandishi hutamka alama kwa sauti. Mwandishi huyo, zingatia, ni yuleyule mtu unayegombea naye nafasi.

Tulipofika yadi 600 binti yule alikuwa akipiga vizuri ajabu. Risasi kumi, kila moja alama tano kama imeingia katikati. Mimi nilikwisha kupoteza matumaini, lakini bado nilihangaika na bendera zangu, na hapo ndipo nilipokosea. Risasi yake ya saba ilipata nne. Niliiona nne. Akili ikiwa kwenye upepo wa zamu yangu, mkono ukaandika tano. Yeye masikio alikuwa ameyaziba dhidi ya mlio, hakusikia nilichotamka.

Tulipomaliza nilijumlisha, nikatia sahihi, nikampa kadi naye atie yake. Akaitazama. Akafungua kijitabu chake ambamo huchora kila risasi. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayekurudishia kalamu uliyoisahau mezani, "Samahani, bwana, ya saba ilikuwa nne."

Nilimtazama nisijue la kumjibu. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Mimi mwenyewe sikujua hadi aliponikumbusha. Tukamwita msimamizi atie sahihi penye marekebisho, na jioni majina yalipobandikwa lake halikuwamo katika mia. Alikosa fainali kwa alama ile moja.

Siku ya fainali tulisimama pamoja nyuma ya kamba tukitazama. Mshindi akabebwa juu juu kwenye kiti, bendi ikipiga, kama ilivyo desturi ya pale. Nilimwomba msamaha mara ya tatu au ya nne. Akacheka, akaniuliza kama Kenya upepo huvuma zaidi asubuhi au alasiri.

Sisemi Waingereza ni malaika. Kanuni za mchezo ule ni nyingi, na kanuni nyingi si ushahidi wa watu wasiodanganya. Wala sisemi tuyaondoe makontena kesho. Tuliyoyatenda kabla ya 2016 tunayajua. Ninachosema ni kwamba kufuli hulinda karatasi kabla ya mtihani. Alama ya saba iliyoandikwa vibaya kwenye kadi ambayo hakuna anayeiangalia haina kufuli ya kuilinda, na sijui ni somo gani katika ratiba yetu ambalo humfundisha mtoto kuisahihisha, ikiwa sisi walimu tulizishangilia zile A.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kisa hiki, darasa lilicheka. "Mjinga!" akasema mmoja, wakampigia makofi. Kicheko kilipotulia, kijana aliyeketi nyuma, ambaye si msemaji kamwe, aliinua mkono.

"Mwalimu, na kama ile alama ingekuwa yako, ungesema?"

Nilikuwa bado natafuta jibu kengele ilipolia.