Kitabu cha Karatasi na Kitabu cha Umeme Katika Lindo la Mpakani

Kazi ya ulinzi wa mpaka ni kazi ya macho na masikio, lakini pia ni kazi ya kungoja. Pale Busia, ambapo kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na Marais wa Uganda na Kenya mwezi Februari 2018, na pale Malaba katika wilaya ya Tororo, malori hupita usiku na mchana. Askari amalizapo zamu hurudi kambini akiwa na saa chache zilizo zake. Saa hizo zaweza kupotea bure, na zaweza pia kumfikisha katika mtihani wa kupandishwa cheo. Kwamba askari asome ni jambo lisilo na ubishi. Linalobishaniwa siku hizi ni kama asome kitabu cha karatasi, au chombo cha umeme kinachobeba vitabu mia kadhaa katika uzito wa daftari moja.

Kusoma si jambo geni katika majeshi. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles walichapishiwa magazeti yao ya Kiswahili, mojawapo likiitwa Heshima. Marekani nayo, kati ya mwaka 1943 na 1947, iliwachapishia wanajeshi wake vitabu vipatavyo milioni 122, vidogo vya kuingia katika mfuko wa sare. Askari mmoja alisoma, akampa mwenzake, naye akampa mwingine, mpaka kurasa zikachakaa. Wakuu wa majeshi walifahamu kwamba akili iliyokaa bure humchosha mpiganaji kama vile njaa imchoshavyo.

Chombo kipya kina sifa zake, na ni haki zitajwe. Mwaka 2004 kampuni ya Sony ilitoa nchini Japani chombo cha kusomea kinachotumia wino wa umeme, na mwaka 2007 kampuni ya Amazon ikatoa Kindle. Ndani ya kioo chake mna chembe ndogo mno, nyeusi na nyeupe. Umeme huzisogeza chembe hizo ili ziwe herufi, na zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena mpaka msomaji afungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu betri yake hudumu kwa majuma, wakati ile ya simu huisha kwa siku moja. Kioo hicho husomeka vizuri hata juani, na herufi zaweza kukuzwa kwa ajili ya afisa ambaye macho yamepungua nguvu. Askari anayehamishwa kutoka Tororo kwenda Karamoja hana haja ya kubeba sanduku la vitabu.

Ipo faida nyingine inayomhusu hasa askari polisi. Tarehe 1 Julai 2024, Uganda ilianza kutumia toleo la saba la sheria zake zilizorekebishwa. Sheria ya Makosa ya Jinai, iliyokuwa Sura ya 120, ikawa Sura ya 128, na vifungu vikabadilishwa namba. Kosa la kuua kwa kukusudia, lililojulikana kwa miaka mingi kama kifungu cha 188, sasa ni kifungu cha 171. Askari anayeandika shitaka kwa kutazama kitabu alichopewa chuoni ataandika namba ya zamani, na kazi yake nzuri ya upelelezi itaingia mahakamani na dosari. Maandishi ya umeme hupata marekebisho upesi, na sheria za Kenya na za Uganda hupatikana katika intaneti bila malipo.

Hata hivyo, chombo hicho kina udhaifu wake. Kwanza, ni mtumwa wa umeme. Kwa miaka mingi wataalamu wa hali ya hewa wameitaja Tororo miongoni mwa miji yenye siku nyingi za ngurumo duniani. Radi ikipiga karibu na nyaya, chombo kilichochomekwa ukutani chaweza kuungua. Kitabu cha karatasi kikianguka, huokotwa na kufutwa vumbi. Kioo kikipasuka, maktaba nzima imenyamaza.

Pili, mnunuzi wa kitabu cha umeme mara nyingi hanunui mali, bali hununua ruhusa ya kusoma. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta kwa mbali, kutoka katika vyombo vya wateja, vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Katika visa vyote viwili wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilikwenda. Kitabu kilicho katika sanduku la askari hakiwezi kuchukuliwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari, na mwenyewe ana hiari ya kumwazima mwenzake.

Tatu, ipo hatari ya usalama. Chombo chenye mawasiliano ya redio hujitangaza, na usiku mwanga wake huonekana kutoka mbali. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya kampuni ya Strava, iliyoonyesha njia za watu wanaokimbia kwa mazoezi, ilifichua kambi za kijeshi katika nchi kadhaa. Hakuna adui aliyeiba siri hizo. Askari wenyewe walizitoa bila kujua. Kwa kutambua hatari ya namna hiyo, jeshi la majini la Marekani lilitoa mwaka 2014 chombo cha kusomea kwa ajili ya nyambizi. Kilitiwa vitabu 300 na kunyimwa mawasiliano yote: hakiwezi kupokea kitabu kipya wala kutuma neno lolote.

Liko pia suala la lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi tangu enzi za King's African Rifles, na mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini katika maduka ya vitabu vya umeme, vile vya Kiswahili ni vichache mno vikilinganishwa na vya Kiingereza. Askari wa Tororo anayetaka kuikuza lugha yake ya kazi bado atanufaika zaidi na kitabu kilichochapishwa Nairobi au Dar es Salaam, kinachofika Busia kwa basi.

Basi, busara haidai kimoja kitupwe ili kingine kipokewe. Sheria zinazobadilika na zitafutwe katika maandishi ya umeme, na namba ya kifungu ihakikishwe kabla ya shitaka kuandikwa. Kitabu cha kusomwa na kambi nzima na kiwe cha karatasi, kiwekwe mahali panapojulikana, na anayekiazima atie sahihi. Chombo cha umeme kiingiapo kambini, mawasiliano yake yazimwe. Na saa ya lindo ifikapo, vyote viwili vibaki nyuma. Mkosa kitabu kwa saa sita hapungukiwi na elimu, lakini aliyeinamia ukurasa langoni anaweza kupitwa na jambo lisilosomwa mara ya pili.