Jumamosi ya beseni

Juma hili tunaacha bei ya makala, tunazungumza juu ya lile lundo la nguo linalotungojea nyuma ya nyumba kila Jumamosi. Mwenye watoto watatu chini ya miaka saba anajua kwamba lundo hilo halina mwisho. Unafua kaptula, unaianika, unageuka, na mwenye kaptula amekwisha kuketi ndani ya majivu na ile nyingine.

Tuanze na sare ya masomo. Nchini kwetu ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, Goma sawa na Kinshasa. Aliyechagua rangi nyeupe, sisi tunaamini hakufua hata siku moja, na Goma hakufika. Hapa udongo ni mweusi, ni mavi ya volkeno, na unapenda ukosi wa shati kuliko kitu kingine. Mtoto anatoka asubuhi mweupe kama maziwa, anarudi mchana na rangi ya makoro. Unamuuliza, "Papa, shati imefanya nini?" Anakujibu bila haya, "Mama, nilianguka kidogo tu." Kidogo tu! Mgongoni, tumboni, na chini ya makwapa?

Na mashati ni mawili. Moja likiwa mwilini, lingine lazima likauke kabla ya usiku, na mvua ya hapa inajua saa tuliyoanika. Ndiyo maana katika mtaa wetu utaona mashati madogo yametandazwa juu ya mawe kama ndege waliochoka, na mama amesimama mlangoni anatazama mawingu. Kuku naye anatazama mashati.

Kisha kuna sombe. Mtoto wa miaka miwili hali sombe, anaivaa. Mafuta ya mawese yakiingia kwenye nguo, usianze na maji: paka sabuni ya kipande kwanza, sugua, suuza, halafu tandaza juani siku nzima, kwa maana ile rangi nyekundu ya mawese inafifia juani. Damu ya magoti inataka maji baridi, maji ya moto yanaibandika. Lakini utomvu wa ndizi? Utomvu wa ndizi ni wa milele. Nguo hiyo iite nguo ya kuchezea, maisha yaendelee.

Wasaidizi wetu je? Wanakuja bila kuitwa. Mmoja anamwaga sabuni yote ya unga ili povu lifike mbinguni. Mwingine anaingia ndani ya beseni la kusuuzia na viatu vyake, anasema anafua viatu. Mama mmoja wa kikundi chetu aliinua kikwembe chake kutoka kwenye maji akakuta mtoto wa mbwa, safi kabisa, anatetemeka. "Mama, alikuwa na vumbi," akaambiwa. Kucheka tulicheka, lakini kila bidoni ya litri 20 imepanda kutoka ziwani kichwani au mgongoni mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni msichana aliyepaswa kuwa anasoma. Kwa hiyo maji yaleyale yanaosha nyeupe, kisha za rangi, kisha matambara, na mwisho yanakwenda chooni. Mtoto akipiga teke beseni la kwanza, amemwaga kazi nne.

Hapa tusicheke. Javeli isiwekwe ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, anaona chupa tu. Iache ndani ya chupa yake, juu, mahali mkono mdogo haufiki. Vitambaa vya mtoto mchanga visuuzwe mkojo wote kwanza ndipo viguswe na javeli, kwa sababu javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua. Na maji ya vitambaa hivyo yamwagwe chooni, si ziwani, tunapochota ya kunywa.

Pasi ya makala nayo si mapambo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au iliyolala chini, na funza wake anaingia katika ngozi ya mtoto kama jipu. Anika kwenye kamba palipo na jua, kisha piga pasi hasa kwenye mishono.

Yamebaki mapochi. Mawe, kifuniko cha kalamu, nusu ya kiazi kitamu, panzi mzima. Mama mmoja wetu ameweka sheria nyumbani kwake: kitakachokutwa ndani ya beseni ni cha anayefua. Jumamosi iliyopita alikuta panzi na noti ya franka 500. Panzi alipata mwenyewe mara moja, kwa kilio. Noti haikudaiwa na mtoto yeyote. Jioni ndipo baba wa nyumba alipoanza kuzungukazunguka uani, akiuliza kwa sauti ndogo kama suruali yake imekwisha kukauka.