Salt Lake: Mtaa uliomeza ziwa lake

USIKU wa kuamkia Septemba 23, 2025, mvua kubwa ilinyesha jijini Kolkata, mashariki mwa India, na kulipopambazuka barabara nyingi zilikuwa zimegeuka mito. Watu wasiopungua 10 walifariki, wengi wao kwa kupigwa na umeme majini. Mtaa wa Salt Lake, ambao wakazi wake huuonea fahari kwa mpangilio na usafi wake, nao haukusazwa.

Anayeijua historia ya mtaa huo hakushangaa. Jina lenyewe lina maana ya ziwa la chumvi, na kwa hakika mahali hapo palikuwa maji.

Kolkata ina umbile lisilo la kawaida. Mto Hooghly unapita magharibi mwa jiji, lakini ardhi imeinamia upande wa mashariki. Kwa hivyo tangu enzi za Waingereza maji ya mvua na majitaka yamekuwa yakielekezwa mashariki, kwenye vinamasi vilivyokuwa vikiingiwa na maji ya bahari kupitia Mto Bidyadhari. Mto huo ulijaa tope hadi ukatangazwa kuwa umekufa mnamo 1928. Chumvi ikapungua, majitaka yakaongezeka, na wavuvi wakagundua kwamba samaki walinawiri humo kuliko awali. Vidimbwi vyao huitwa bheri.

Kisha likaja suala la makao. India ilipogawanywa mwaka wa 1947, wakimbizi kutoka Bengal Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, walimiminika jijini kwa mamilioni. Kiongozi wa serikali ya jimbo la West Bengal, Dkt Bidhan Chandra Roy, aliyekuwa tabibu mashuhuri kabla na hata baada ya kuingia katika siasa, aliamua kwamba jiji lipanuliwe juu ya vinamasi hivyo.

Kampuni kutoka Yugoslavia ilipewa kazi ya kufukia maji, naye Dobrivoje Tošković, msanifu wa nchi hiyo hiyo, akachora ramani ya mji. Shughuli ilianza Aprili 1962. Mchanga ulichotwa katika sakafu ya Hooghly, ukachanganywa na maji na kusukumwa kwa mabomba kukatiza jiji hadi ziwani. Maji yalichuruzika, mchanga ukabaki. Wavuvi waliokuwa wakitegemea vidimbwi hivyo waliondolewa. Dkt Roy mwenyewe hakuishi kuona nyumba ya kwanza, kwani aliaga dunia Julai 1, 1962, siku aliyotimiza umri wa miaka 80. Mtaa huo ulipewa jina lake, Bidhannagar, ijapokuwa watu wengi wangali wanauita Salt Lake.

Ploti zilitolewa kwa mkataba wa kukodi wa miaka 999. Mitaa midogo haina majina bali herufi, kama vile AB au CK, na nyumba zina nambari. Kwa kuwa barabara zinafanana, mgeni huelekezwa kwa kutajiwa nambari ya tangi la maji lililo karibu. Waliokusudiwa kupata makao hapo walikuwa watu wa tabaka la kati, na miti waliyoipanda imekuwa mikubwa kiasi cha kufunika barabara. Uwanja wake wa soka, uliofunguliwa mwaka wa 1984, ulipokea zaidi ya mashabiki 130,000 mwaka wa 1997 timu hasimu za Mohun Bagan na East Bengal zilipokutana. Upande wa mashariki, katika eneo la Sekta ya Tano, kumejaa kampuni za kompyuta, na tangu 2020 reli ya kisasa inafika huko.

Ni mtaa mzuri, hilo halina ubishi. Swali ni kuhusu maji yaliyobaki ng'ambo yake.

Takriban hekta 12,500 za ardhi oevu zimesalia mashariki mwa jiji. Mhandisi Dhrubajyoti Ghosh, aliyefariki mwaka wa 2018, ndiye aliyeueleza ulimwengu umuhimu wake. Alitumwa na serikali katika miaka ya themanini kuchunguza majitaka ya Kolkata huishia wapi, akabaini kwamba wavuvi wenyewe ndio mtambo wa kuyasafisha.

Majitaka huingizwa kwenye vidimbwi vyenye kina kifupi na kuachwa yatulie. Jua huua vijidudu vingi na kuotesha mimea midogo ya majini. Samaki huila mimea hiyo. Maji yanayotoka humo hunyunyizia mpunga na mboga kabla ya kuelekea Mto Kulti. Miongoni mwa samaki hao wamo perege, ambao asili yao ni mito ya Afrika. Hata gugumaji, lile linalowatesa wavuvi wetu wa Ziwa Victoria, huko hupandwa kingoni kwa makusudi ili lizuie mmomonyoko na kufyonza madini yenye sumu. Hatari ipo, kwani viwanda vya ngozi navyo viko jirani.

Mapema katika miaka ya tisini serikali ya jimbo ilitaka kujenga kituo cha biashara ya kimataifa katika sehemu ya eneo hilo. Shirika moja la wananchi lilikwenda mahakamani, na mwaka wa 1992 Jaji Umesh Chandra Banerjee wa Mahakama Kuu ya Calcutta akapiga marufuku kugeuza matumizi ya ardhi hiyo. Mnamo 2002 ardhi oevu hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka wa 2006 jimbo likapitisha sheria ya kuihifadhi.

Hata hivyo, ujenzi haramu haujakoma, na mahakama imelazimika kuagiza majengo kadhaa yabomolewe. Mbinu inayotumika haihitaji tingatinga mwanzoni. Mifereji hujaa tope, majitaka hayafiki, samaki hufa na kidimbwi hukauka. Mwenyewe husema hakina faida tena. Baada ya hapo malori ya kifusi huja.

Kuna pia mvutano katika lango la maji la Bantala. Wavuvi hutaka kiwango cha maji ya mfereji kiwe juu ili yamiminike vidimbwini mwao. Mvua za masika zinapoanza, wahandisi wa jiji hutaka kishushwe ili mitaa isifurike. Kila kidimbwi kinachofukiwa hupunguza mahali pa kuyapokea maji hayo, na simu za malalamiko kutoka Salt Lake huongezeka.