Mfundishe Mbwa Mgeni Usafi kwa Upole



Wazee wetu walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Maneno hayo ni ya kweli, na sisi tuliowahi kushika chaki tumeyatumia mara nyingi mbele ya watoto. Lakini yako mambo ambayo methali hiyo haiyafikii, na moja lao ni mbwa. Watu wengi hudhani ya kuwa mbwa aliyekwisha kukua hawezi kufundishwa tena, hasa usafi wa nyumba. Akichafua stoo usiku wa kwanza, hupigwa. Akichafua usiku wa pili, hufukuzwa. Wiki moja baadaye mbwa yule yule huonekana sokoni akiokota mifupa, hana bwana, hana chanjo, na watoto wa shule hupita karibu naye kila siku.

Mwezi huu nataka kukueleza ya kwamba mbwa aliyekomaa hujifunza usafi, tena mara nyingi upesi kuliko mtoto wa mbwa, maana kibofu chake kimekomaa na aweza kujizuia kwa saa nyingi. Kinachotakiwa ni saa maalumu, macho yako, na upole. Fimbo haitakiwi.

Kosa langu mwenyewe

Jirani yetu mmoja alihamia mjini, akatuachia mbwa wake dume wa umri wa miaka kama minne, jina lake Simba. Nilimpokea kwa furaha, maana wezi walikuwa wamekwisha kuvunja stoo mbili kijijini kwetu, na stoo yangu ilikuwa na magunia 12 ya mahindi. Usiku wa kwanza nilimfungia mle ndani alinde. Asubuhi nilikuta gunia moja limeloa mkojo, na kinyesi kiko karibu na mlango. Nikachukua fimbo, nikamvuta mpaka mahali pale, nikampiga.

Usiku wa pili alifanya vile vile, ila safari hii alikwenda nyuma ya magunia, mahali ambapo sikupaona mpaka harufu iliponiita. Tena alianza kunikimbia. Nikimwita, hujilaza chini na kutetemeka. Mama watoto akaniambia, "Baba watoto, mbwa huyu na arudi alikotoka. Chakula cha watoto hakiwezi kuwa choo."

Alikuwa na haki kusema hivyo. Lakini jioni ile nilikumbuka siku nilipokuwa nikifundisha darasa la kwanza. Alikuja mtoto mgeni kutoka shule nyingine, na siku ya pili akajikojolea darasani. Wenzake walicheka sana. Nilipomwuliza taratibu, nikafahamu ya kwamba hakuwa mkaidi. Hakuna mtu aliyemwonyesha choo kiko wapi, naye aliogopa kuuliza. Nilimshika mkono nikamwonyesha, na jambo hilo halikutokea tena.

Basi nikajiuliza: Simba amekaa miaka minne kwa mnyororo chini ya mti, akila pale, akilala pale, na kwenda haja pale pale. Ni nani aliyemwonyesha choo cha kwangu? Hakuna. Nikamwomba mama watoto anipe mwezi mmoja.

Kwa nini mbwa huchafua nyumba

Yafaa ujue kwanza ya kwamba mbwa hafanyi hivyo ili kukukomoa. Sababu zenyewe ni hizi:

(1) Hajui sheria ya nyumba. Mbwa aliyelelewa nje haoni tofauti kati ya sakafu ya stoo na uwanja.

(2) Ana hofu. Mbwa mwoga akikaripiwa, hujilaza, huweka mkia katikati ya miguu, na mkojo humtoka. Hicho si kiburi. Ni njia yake ya kuomba amani. Ukimkaripia zaidi, utatoka zaidi.

(3) Anaweka alama. Mbwa dume huinua mguu na kukojoa kidogo kidogo kwenye kuta, milango na magunia, hasa akiwa mahali pageni. Kuhasiwa na daktari wa mifugo mara nyingi hupunguza tabia hiyo.

(4) Ni mgonjwa. Minyoo, kuharisha, na ugonjwa wa njia ya mkojo huweza kumshinda hata mbwa aliyefundika. Ukimwona anakojoa mara nyingi, au kwa taabu, au mkojo una damu, usimfundishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa nini fimbo haisaidii

Mbwa huunganisha malipo na jambo analolifanya wakati ule ule, si jambo la saa zilizopita. Ukimpiga asubuhi kwa kosa la saa 8 usiku, yeye hajui habari ya usiku. Anajua tu ya kwamba bwana akiingia mlangoni, maumivu huja. Watu husema, "Tazama anavyoinamisha kichwa, anajua amekosa." La, sivyo. Anaiona hasira usoni pako, basi anaogopa.

Tena ukimpiga wakati ule anapokojoa, atajifunza kutokukojoa mbele yako. Ndiyo maana Simba alikwenda nyuma ya magunia. Na ukimpeleka nje kwa kamba, atajizuia kwa kuwa upo, kisha akirudi ndani atatafuta pembe ya kujificha. Hivyo fimbo huharibu hata mafundisho yatakayofuata.

Kumbuka pia ya kwamba kumpiga mnyama kikatili ni kosa katika nchi yetu, kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Namna ya kumfundisha

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Pawe mbali na kisima, mbali na jiko, na mbali na bustani ya mboga. Mimi nilichagua pembe ya boma karibu na ua wa miti. Mpeleke mahali hapo hapo kila mara, kwa kamba, wala usibadilishe. Harufu yake mwenyewe itamkumbusha kazi iliyomleta.

Ukifika, simama kimya. Usimvute, wala usimharakishe. Ngoja dakika 5 mpaka 10. Akianza, sema neno moja kwa sauti ya chini, kwa mfano "Haya," na liwe neno hilo siku zote. Akimaliza, msifu mara moja na umpe kipande kidogo cha ugali au nyama pale pale. Watu wengi hungoja mpaka wamerudi mlangoni ndipo wampe. Hilo ni kosa, maana mbwa atadhani amelipwa kwa kurudi nyumbani.

Jambo la pili ni saa. Mpe chakula mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 12 jioni. Akiacha kula, ondoa sahani. Chakula chenye saa hutoka kwa saa. Lakini maji yawepo mchana kutwa. Haifai kumnyima mbwa maji ili asikojoe.

Kisha mtoe nje nyakati hizi: alfajiri, mara tu aamkapo; baada ya kila chakula, kwa muda wa dakika 15 hadi 30; baada ya usingizi wa mchana; na usiku kabla hujalala. Wiki ya kwanza, akiwa ndani mchana, mtoe kila baada ya saa 2 au 3. Mbwa mzima mwenye afya aliyetolewa saa 4 usiku aweza kungoja mpaka saa 11 alfajiri.

Jambo la tatu ni kumwangalia. Siku za kwanza usimwachie nyumba nzima. Awe karibu nawe kwa kamba ndefu, au katika pembe ndogo yenye gunia lake la kulalia. Mbwa kwa desturi hapendi kuchafua mahali anapolala, ingawa yule aliyefungwa miaka mingi huenda ameipoteza desturi hiyo, naye huhitaji siku zaidi. Ukimwona ananusa sakafu, anazunguka mahali pamoja, anakwenda mlangoni au analia kidogo, inuka mara moja umtoe. Mwanzoni ni wewe unayejifunza lugha yake.

Akikosea

Ukimkuta katikati ya tendo, mwite kwa upole au piga kofi moja la mikono, kisha mwongoze nje. Akimalizia nje, msifu kama kawaida. Lakini ukikuta uchafu baadaye, usiseme neno. Mtoe mbwa, kisha usafishe.

Kusafisha ni nusu ya mafundisho, maana pua ya mbwa huipata harufu ambayo wewe huisikii, na harufu ya mkojo humwambia, "Choo ni hapa." Sakafu ya udongo, chimbua udongo uliolowa, utupe, ujaze udongo mkavu. Sakafu ya simenti, ioshe kwa maji na sabuni, kisha uifute kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake hufanana na ya mkojo, nayo humvuta arudie pale pale.

Kinyesi kizikwe au kitupwe katika choo cha shimo, wala kisitiwe katika mbolea ya mboga. Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo. Tegu mmoja wa mbwa huwaletea watu uvimbe wenye maji katika ini na mapafu, na ndugu zetu wa Turkana wameujua ugonjwa huo kwa uchungu. Kwa hiyo mbwa apewe dawa ya minyoo kwa shauri la daktari wa mifugo, asipewe maini wala mapafu mabichi ya mifugo iliyochinjwa, nawe unawe mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi hii.

Chanjo isisahauliwe

Mbwa mgeni akifika, uliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Usipopata jibu la hakika, mpeleke achanjwe katika wiki ya kwanza, na kila mwaka baadaye. Ugonjwa huu dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu haponi kamwe, na karibu watu wote wanaoupata huupata kwa mbwa. Serikali ya Kenya ilitoa mpango mwaka 2014 wenye shabaha ya kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu iwapo sisi tunawafukuza mbwa wetu wakawe wa barabarani. Na mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.

Itachukua siku ngapi?

Mbwa wengine hufahamu kwa wiki mbili. Wengine, hasa waliopigwa au kufungwa muda mrefu, huchukua miezi miwili au zaidi. Usihesabu makosa, hesabu siku safi. Mimi niliandika ukutani kwa chaki, kama rejista ya darasa. Wiki ya kwanza Simba alipata siku mbili safi. Wiki ya pili alipata nne. Wiki ya tatu mvua kubwa ilinyesha, akakataa kutoka, na tukarudi nyuma. Nilijifunika gunia nikasimama naye mvuani mpaka akamaliza.

Wiki ya nne, usiku wa manane, nilisikia mlango wa jikoni, alikokuwa akilala, unakwaruzwa. Nilidhani ni wezi. Nilipofungua, Simba alinipita mbio mpaka pembe ile ya boma, akafanya haja yake, akarudi na kusimama mbele yangu akitikisa mkia, akingoja kipande chake. Sikuwa na kitu mkononi. Mama watoto, aliyekuwa ameamka pia, aliingia jikoni akakwangua ukoko wa ugali chunguni, akampa yeye mwenyewe.

Sasa analala stooni, na mahindi ni makavu.

Basi, ndugu msomaji, ukipewa mbwa mzima na jirani, au ukimchukua katika kituo cha kutunza wanyama waliotupwa, usimhukumu kwa usiku wa kwanza. Chagua mahali, shika saa, beba kipande cha ugali mfukoni, na fimbo uiache kwenye paa. Mpe mwezi mmoja wa uvumilivu, naye atakulindia boma miaka mingi.